Ukivuka Sirari kwa Mara ya Kwanza

Ukitaja safari ya nje ya nchi pale Mwamanyili, watu wanawaza ndege. Wanawaza Dubai, Muscat, au China ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Wachache wanakumbuka kwamba nchi ya nje iliyo jirani ipo kwenye lami ileile inayokatiza wilaya yetu ya Busega. Unapanda basi la kaskazini, unaipita Lamadi na lango la Ndabaka la Serengeti, unaipita Bunda, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, unapandisha Tarime, na siku hiyohiyo uko Sirari. Hatua chache mbele ni Isebania, na Isebania ni Kenya.

Watu wa huku wanavuka kwa sababu nyingi. Wapo wenye ndugu Migori, wapo wanaofuata soko la dagaa au choroko, wapo wanaokwenda makambi ya Wasabato Kisii, na kuna kwaya zinazoalikwa na makanisa ya AIC ya upande wa pili. Undugu huo wa kanisa si wa jana: misheni ya Africa Inland ilianza kazi Kenya mwaka 1895, na mwaka 1909 ikaingia Tanganyika kwa kukishika kituo cha Nassa, hapahapa Busega.

Sababu yako iwe yoyote, shida ya mara ya kwanza ni moja: Kenya haikuonyeshi ugeni wako mapema. Mtu akishuka Guangzhou, kila kibao kinamwambia kwamba si kwao, na macho yanamtoka. Akishuka Isebania anasikia Kiswahili, anaona mahindi ya kuchoma, bodaboda na marundo ya mitumba, anajisemea kumbe ni kwetu tu. Hapo ndipo anapoanza kukosea bei, kukosea maneno, na mbaya kuliko yote, kukosea utani. Ushauri wangu kwako ni kwamba uiendee Kenya kama nchi ya mbali. Jiandae kama unayekwenda kusikojulikana, halafu yale mnayofanana uyapokee kama bahati.

Karatasi kwanza, nguo baadaye

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka ya kwao kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi yako ya NIDA peke yake haikuvushi. Kadi hiyo unaihitaji, pamoja na cheti cha kuzaliwa, kuombea pasipoti. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha unakwenda mwenyewe Uhamiaji. Ofisi ya mkoa iko Bariadi, na kwa lami ya Lamadi hadi Bariadi hiyo ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000, nayo inadumu miaka kumi. Ukiona ni fedha nyingi kwa safari ya wiki moja, waulize maofisa kuhusu hati ya muda ya kusafiria. Mimi ningejibana nikachukua pasipoti, maana aliyevuka mara moja huvuka tena.

Viza huhitaji. Ule mfumo wa idhini ya kielektroniki ulioanza Kenya Januari 2024 haumhusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kijana wa steshenari anayekutoza hela ya "viza ya Kenya" muage kwa heshima uondoke.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano watu huihesabu kuwa ni ya kwendea. Hasa ni ya kurudia. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na upande wetu ndio unaoweza kukuuliza siku ya kurejea. Dozi moja inatosha maisha yote, kwa hiyo ukishachanja tunza kadi yako pamoja na pasipoti.

Nguo beba chache, ila sweta usiliache. Sisi wa kando ya ziwa tuko kwenye mita elfu moja na mia moja na ushei kutoka usawa wa bahari. Kisii na Nairobi ziko juu ya mita 1,600. Mwezi wa saba Nairobi kuna baridi ambayo mtu wa Simiyu hajawahi kuionja mchana. Vitu vyako vitie kwenye begi au kikapu, wala usivuke na mfuko wa nailoni mkononi. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, karibu miaka miwili kabla yetu, na adhabu iliyoandikwa kwenye katazo lile inafika hadi kifungo.

Langoni

Kituo cha Sirari na Isebania ni cha pamoja. Ukienda Kenya, mambo yote mawili, ya kutoka kwetu na ya kuingia kwao, unayamalizia jengo la Isebania. Ukirudi, yote yanafanyika Sirari. Wageni wengi hulishangaa hili, wanadhani wameruka dirisha. Hujaruka. Ila kabla hujatoka nje ya jengo fungua pasipoti uangalie mwenyewe: mhuri wa kutoka Tanzania upo, wa kuingia Kenya upo, na siku ulizopewa zimeandikwa zikasomeka. Raia wa Jumuiya anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita, lakini hesabu inayokubana ni ile iliyo kwenye kitabu chako. Na ruhusa hiyo ni ya kutembea. Kazi ya mshahara ina kibali chake.

Utaulizwa unakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi. Jibu hayo matatu, unyamaze. Ukiulizwa unatoka wapi, usione vibaya ofisa asipoijua Mwamanyili wala Busega. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa Machi 2012, na wilaya yetu ilimegwa kutoka Magu wakati huohuo. Sema unatoka kando ya ziwa, karibu na Serengeti, njia ya Mwanza. Atakuelewa.

Utawaona watu wanaokatiza pembeni bila kupita langoni. Hao ni Wakurya wa hapohapo, wana shamba huku na shangazi kule, na mpaka umewakuta wakiishi. Wewe usiwaige. Mgeni asiye na mhuri, akiugua au akisimamishwa na polisi Migori, hana pa kuanzia kujieleza. Na kwa aliyezoea kuliona lango hili likiwa wazi, awaulize wazee: Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliufunga mpaka wa Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983.

Kama una mzigo wa biashara, uutangaze. Bidhaa za kwetu zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, thamani yake isipozidi dola 2,000, zinapewa cheti rahisi cha uasili mpakani hapohapo na hazitozwi ushuru wa forodha. Mazao yana cheti chake cha afya ya mimea, na hicho usisubiri kukitafuta ukiwa foleni.

Hesabu ya pesa

Hapa ndipo mgeni anapoumia mapema, kwa sababu nao wanaita shilingi. Masikio yanasikia "mia tano", moyo unasema ni jero, mkono unatoa. Mia tano ya Kenya ni kama elfu kumi yako.

Miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imecheza kati ya 16 na 21 za Tanzania. Angalia bei ya siku hiyo kwenye simu kabla ya kushuka kwenye basi, kisha kichwani tumia ishirini, maana ni rahisi. Ukitajiwa bei ya Kenya, izidishe mara mbili uongeze sifuri: nauli ya 700 ni 14,000. Ukitaka kujua fedha zako zitakuwa ngapi kule, ondoa sifuri ugawe kwa mbili: laki mbili inakuwa elfu kumi. Ndiyo, laki mbili yako inageuka noti kumi za elfu moja, na kuziona mkononi kunavunja moyo kidogo. Siku ya kwanza fanya hesabu hiyo kwa kila kitu, hata kwa kitumbua. Kufikia siku ya tatu utakuwa umeanza kufikiri kwa fedha yao, na hapo hatari nyingine inaingia: utaona soda ni rahisi.

Badilisha kwenye duka la fedha au benki. Ukibadilisha kwa wale wanaosimama na mabunda mkononi, pokea zao kwanza, zihesabu moja moja zikiwa zimekunjuliwa, maana noti iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili, ndipo utoe zako. Noti za Kenya zilibadilishwa mwaka 2019, na ile elfu moja ya zamani iliacha kutumika mwisho wa Septemba mwaka huo. Sasa noti zote zina picha ya jengo la KICC la Nairobi. Ukipewa elfu moja isiyo na jengo hilo, irudishe.

Jifunze pia majina ya mtaani, kwa sababu utingo hatakusubiri. Bob ni shilingi. Mbao ni ishirini, finje ni hamsini, soo ni mia, ngiri au thao ni elfu. Akisema "soo mbili" anataka mia mbili, yaani elfu nne yako.

M-Pesa ni ya kwao tangu Machi 2007, mwaka mmoja kabla haijafika kwetu, na imeingia hadi kwenye mifupa. Muuza mchicha ana namba yake ya malipo kwenye kipande cha boksi. Kama unakaa zaidi ya siku mbili tatu, sajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako. Utapunguza kubeba noti, na ukimlipa mtu kila mmoja anabaki na ujumbe wa ushahidi.

Kaa dirishani

Basi likishatoka Isebania usilale. Saa chache za mwanzo ndizo zenye mengi, na ukishapita njia hiyo mara mbili hutayaona tena.

Jicho la mtu wa Simiyu, bila kuambiwa, linatafuta pamba na ng'ombe. Mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa pamba, kwa hiyo tumezoea uwanda ulio wazi, udongo mweusi wa mbuga, mifugo inayotembea mbali. Ukiiacha Migori unakutana na miwa. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha SONY, na matrekta yanayokokota miwa yatachelewesha gari lako. Kisha barabara inaanza kupanda, na ghafla huoni tena kipande cha ardhi kilicholala bure. Hiyo ni Kisii. Migomba, chai, mahindi, nyasi za ng'ombe wawili waliofungwa zizini, kaburi la babu, nyumba ya bati, vyote kwenye eneo ambalo kwetu lingetosha kuanikia mpunga. Milima imelimwa hadi kileleni.

Usikimbilie kusema watu hawa ni maskini kwa kuwa shamba ni dogo, wala kwamba ni matajiri kwa kuwa kila mahali ni kijani. Muulize jirani yako wa kiti bei ya ekari moja ya pale. Atakutajia tarakimu ambayo, ukishaigeuza kuwa fedha yetu, utairudia kichwani hadi Nairobi. Halafu muulize watoto wa kiume wangapi wamegawana lile shamba la babu. Nayapenda maswali ya namna hiyo kuliko ya "mnakula nini huku", kwa sababu mtu anakujibu kwa habari za nyumbani kwake.

Kisii ndipo njia zinapoachana. Moja inashuka Oyugis na Ahero kwenda Kisumu. Nyingine inakwenda Nairobi kwa Bomet na Narok, inapita kwenye nchi ya Wamasai na mashamba ya ngano, halafu inapandisha ukuta wa Bonde la Ufa baada ya Mai Mahiu. Ukiipita mchana kaa upande wa bonde. Tiketi nyingi zinaandika saa kwa hesabu ya Kizungu: 8:00 AM ni saa mbili asubuhi. Hakikisha unasema saa hiyohiyo na mkata tiketi, maana kuna vijana wanaosoma "8" wakasema "saa nane".

Hotelini, kwa karibu

Tuseme umeshuka Kisii una njaa. Unaingia kwenye hoteli ndogo, meza ina kitambaa cha plastiki chenye maua, ukutani kuna kalenda na bei zilizoandikwa kwa chokaa. Msichana anakuja na kitambaa begani.

"Sasa boss, nikuletee?"

Hujasalimiwa. Yaani umesalimiwa, lakini "sasa" ndiyo salamu yote, jibu lake ni "poa" au "fiti", na linatakiwa haraka. Sisi tuliokulia kwenye mwangaluka na mwadila, ambako salamu inauliza nyumba, watoto, mvua na ng'ombe kabla hujataja shida yako, tunaona tumedharauliwa. Hatujadharauliwa. Msichana yuleyule, ukikaa naye kibarazani jioni, atakuuliza habari za mama yako kwa kituo. Kazini anaokoa muda wako na wake.

Nawe ukisema, "Naomba chai na chapati mbili, dada," atatabasamu, atageuka kumwambia mwenzake kwamba kuna Mtanzania. Kule mtu husema nipe, niletee, nataka, na hakuna ubaya. Endelea na "naomba" yako, inapendwa. Ila usimwone mwingine kakosa adabu kwa "nipe" yake. Shikamoo nayo itumie kwa kuangalia. Mombasa utajibiwa, bara wazee wengi watakutazama tu, na si kwamba wamekataa heshima yako.

Chai itakuja nyeupe, imechemshwa na maziwa. Ndiyo chai yenyewe, huna haja ya kuongeza "ya maziwa". Ukitaka ile tuliyoizoea, agiza turungi. Wali muulizie kwa jina la mchele, hata ukiwa umepikwa. Choroko utazikuta zikiitwa ndengu, na kama wewe ni mkulima wa Simiyu muulize mwenye hoteli anazinunua wapi na kwa kilo shilingi ngapi, maana huenda ni zako. Na ukiona "ugali sukuma" kwenye orodha ya vyakula, tulia, ni majani tu.

Utani uache Sirari

Hili nalitaka ulisome taratibu.

Sisi tumelelewa na utani. Msukuma akimkuta mtani wake stendi anaweza kumtukania kabila lake lote, akadai na soda juu yake, na watu wakacheka. Msibani mtani anafanya vituko na anashukuriwa. Tunauliza kabila la mtu kama tunavyouliza jina, na jibu linafungua mlango wa mzaha. Ni mali yetu nzuri, na hatuioni kwa sababu tuko ndani yake.

Kenya swali hilohilo lina uzito mwingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika wiki chache, na wengi wa waliouawa au kufukuzwa makwao waliandamwa kwa sababu ya kabila lao au kabila walilodhaniwa. Walioyaona hayo wako hai, wana umri wako, ndio wanaoendesha matatu uliyopanda. Mgeni anayesema kwa sauti ndani ya gari kwamba Wajaluo wako hivi na Wakikuyu wako vile, akidhani anachekesha, anagusa mambo asiyoyajua. Wenyewe wanataniana, tena sana, hata kwenye televisheni, lakini wanajua nani amwambie nani, na lini. Wewe hujui. Ukisikia mzaha wa kabila, cheka kidogo, usiongeze wa kwako.

Swali la "unatoka side gani?" mara nyingi ni njia ya kuuliza kabila bila kulitaja. Kwako jibu ni jepesi na la salama: natoka Tanzania. Lina faida yake. Mtanzania hana upande kwenye mambo yao, na watu watakueleza mengi kwa sababu hiyo. Sikiliza, usihukumu kesi.

Siasa utaisikia hadi uchoke. Kwenye matatu, saluni, foleni ya benki, mtu anamtaja rais kwa jina la kwanza na kumpa darasa. Kwa aliyetoka kwetu hilo linashtua siku ya kwanza kuliko maghorofa. Sikiliza ujifunze, lakini siku ya maandamano kaa ndani. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga muswada wa fedha waliingia Bunge la Nairobi, risasi zikapigwa, watu wakafa. Pasipoti ya mgeni haizuii kitu pale, na ukikamatwa, neno la mgeni kwenye maandamano ya wenyewe halitetewi kirahisi.

Mjini

Nairobi ina vitabu vyake vya kuielezea, nami nitasema machache. Kila jengo kubwa, hadi duka la vyakula, lina mlinzi anayekupapasa na kukagua begi, na ofisini unaandika namba ya kitambulisho. Usikasirike. Mji huu ulilipuliwa ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile na Dar es Salaam, ukashambuliwa tena Westgate mwaka 2013. Simu iweke mfuko wa mbele, na ukitaka kuitumia ingia dukani. Gari ni matatu, kituo ni steji, utingo ni konda au makanga, na ukitaka kushuka unasema "shukisha hapo mbele". Nauli inapanda jioni na inapanda mvua ikinyesha, bila tangazo, kwa hiyo uliza kabla hujakaa. Funga mkanda: kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliuweka kwenye kila kiti, na polisi wanaukumbuka wakitaka kuukumbuka. Namba za dharura ni 999 na 112.

Ukiwa na nafasi ya mji mmoja tu, mimi ningekupeleka Kisumu badala ya Nairobi. Kisumu ndiko mtu wa Mwamanyili anakopata mshangao ulio bora, wa kukuta kitu chake mikononi mwa wengine. Ziwa ni lilelile. Kenya ina takriban asilimia 6 yake, sisi tuna karibu nusu, lakini namna Wajaluo wanavyolizungumzia Nam Lolwe utadhani tumewaazima. Reli ilipofika hapo mwaka 1901 mji uliitwa Port Florence, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Mwanza kwa miaka mingi.

Nenda Dunga, ufukweni, nje kidogo ya mji. Samaki wanapangwa wabichi, unachagua mwenyewe. Sato ataitwa ngege, sangara ataitwa mbuta, na dagaa wako ni omena. Patana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, kwa sababu akishakaangwa huna tena la kusema. Sukuma ugali kando, kaa na wavuvi, uwaulize wavu wa matundu mangapi unaruhusiwa kwao, injini wananunua kwa nani, magugu maji yakifunga Ghuba ya Winam wanafanyaje. Hapo hutakuwa mgeni wa kuonyeshwa mji, utakuwa mvuvi au jirani wa mvuvi anayezungumza na mwenzake. "Oyawore" ni habari za asubuhi, "erokamano" ni asante. Wajaluo wa Rorya tunao wenyewe mkoani Mara, kwa hiyo huna kisingizio cha kutojua hayo mawili. Jumapili pita soko la Kibuye uangalie bei za omena. Ziandike.

Andika siku za mwanzo

Nunua daftari dogo, au tumia simu. Kila usiku andika mambo uliyoyashangaa, bila kuyaeleza wala kuyasifu: bei, maneno, namna mtu alivyomjibu mkwewe, rangi ya udongo. Siku chache baadaye mshangao unaisha na hutakumbuka kwamba chai nyeupe ilikushtua.

Waswahili wana kawaida hii ya tangu zamani. Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaandika alichokiona kwa Kiswahili, na habari yake ikachapishwa mwaka 1901 kwenye kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Martin Kayamba alikwenda Uingereza mwaka 1931, akarudi na kuandika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Hawakungoja kuwa wajuzi wa nchi hizo. Waliandika kama wageni, wakaeleza chakula, baridi, magari na tabia za watu kwa macho ya mtu wa huku. Ukipata nafasi ya maktaba, wasome, kwa sababu watakufundisha kuuliza.

Jambo moja tu kuhusu daftari hilo: hukumu zako ziandike kwa penseli. "Wakenya wana haraka" ni sentensi ya siku ya kwanza stendi. Iache ikae, uone kama siku ya tano bado unaiamini.

Kurudi

Rudi kabla siku za mhuri hazijaisha, hata kama mwenyeji anakubembeleza ubaki harusini. Kama unakwenda na basi la usiku, hesabu lisikufikishe mpakani saa ambazo huna usafiri wa kuendelea. Ukifika, mihuri ya kutoka Kenya na ya kuingia kwetu yote iko Sirari, na kadi ya njano iwe juu, si chini ya begi. Ulivyonunua vitangaze, risiti ziwe mkononi. Watakuuliza zaidi ya walivyokuuliza wa Isebania, zoea hilo.

Noti zilizobaki badilisha, au ziweke kama una nia ya kurudi. Sarafu wabadilishaji hawazitaki, kwa hiyo zimalizie Isebania kabla ya kuingia kwenye jengo: mkate, maji ya njiani, na mahindi ya kuchoma, ambayo kwa wakati huo utakuwa unayanunua kwa bob bila kuzidisha mara mbili.